Pesa ya Mgeni Inalala Wapi? Safari ya Kwale, Kutoka Shimba hadi Vanga

Jumatatu, Kwale mjini na Mwaluganje

Alfajiri feri ya Likoni huleta watu mjini kutafuta riziki. Sisi tulikuwa tukienda kinyume chao, mimi na binamu yangu, kila mmoja na mkoba wake mgongoni. Yeye anasomea utalii chuoni, na amechoka kuambiwa darasani kwamba utalii wa ikolojia hunufaisha jamii bila mtu kumwonyesha jamii hiyo inanufaika vipi. Mimi ni mzaliwa wa Pwani. Nimeona hoteli zikijengwa, zikivuma na kufungwa, na kijiji kilichoko nyuma ya ukuta kikabaki kuchota maji kisimani. Tukakubaliana tuipite Kwale kutoka milimani hadi mpakani, na kila tutakapofika tuulize: pesa ya mgeni inalala wapi?

Pale Kombani matatu iliacha barabara kuu ikaanza kupanda. Kwale mjini kuna ubaridi ambao mtu wa Mombasa hautarajii. Tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, kisha tukasimama mahali ambapo bahari inaonekana kwa mbali na msitu wa Shimba uko karibu. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na ndiyo makao pekee ya palahala, mnyama wa jamii ya swala, katika Kenya nzima. Chemchemi za Marere, zilizowanywesha watu wa Mombasa tangu enzi za Waingereza, zinatoka humo. Mtu wa Kisauni ambaye hajawahi kukanyaga Shimba ameshafaidi msitu huo.

Ila aliyelala macho akilinda mahindi yake ni mkulima wa pembeni ya msitu. Ndovu wa Shimba walizidi hadi mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likawahamisha baadhi yao kwa malori hadi Tsavo Mashariki. Kabla ya hapo, mwaka 1995, wenye mashamba wa Kiduruma na Kidigo upande wa Mwaluganje walikuwa wamechukua uamuzi mzito: waliunganisha ardhi zao zikawa hifadhi ya ndovu. Ua wa umeme ukawekwa, kilimo kikasimama ndani yake, na kila familia ikawa na haki ya kupata mgao wa mapato ya geti kwa kadiri ya ardhi iliyotoa.

Boda boda ilitushusha kwa mzee mmoja aliye miongoni mwa waliotoa mashamba. Tulimwamkia, akaitikia, akatuwekea viti chini ya mwembe. Hakutupamba kwa maneno mazuri. Alisema ardhi ile ilikuwa ya mawe na mvua zake hazitabiriki, na kidogo kilichoota ndovu alikula. Kwa hiyo kutoa shamba hakukuwa kujinyima. Lakini mgao, akasema, hupanda na kushuka na wageni, na karo ya wajukuu haishuki. Wageni wakipungua, familia inabaki bila mahindi na bila hundi. Binamu yangu aliandika hayo kwa herufi kubwa.

Kilichonipendeza ni karatasi za kinyesi cha ndovu. Tumbo la ndovu halisagi sawasawa anachokula, kwa hiyo kinyesi chake hutoka kimejaa nyuzi za majani na magome. Kinaoshwa, kinachemshwa, kinapondwa, kisha rojo lake linatandazwa kwenye wavu na kuanikwa juani. Nilishika karatasi moja nikaielekeza kwenye mwanga: unauona kabisa uzi wa gome umelala ndani yake, mrefu kama kidole. Haina harufu yoyote. Biashara hii ni ndogo, ila haimngojei mgeni afike getini, maana karatasi inaweza kusafiri ikamfuata mnunuzi aliko.

Jumanne, Diani na Kaya Kinondo

Diani tulipita haraka, maana wengi wanaijua. Nitaje tu ngazi za kamba na mpira zilizofungwa juu ya barabara ya ufuoni ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Tulimwona mbega mama na mtoto wake mweupe pepe kifuani, wakivuka bila wasiwasi huku matatu zikipiga honi chini yao. Shirika la kuwahifadhi mbega hao lilianzishwa huko huko Diani mwaka 1997. Miti ya msitu wa asili ikikatwa kupisha nyumba za kifahari, mbega hana pa kwenda ila barabarani.

Kinondo ni jambo jingine. Kabla ya kuingia kayani, yaani kwenye msitu mtakatifu wa wazee, tulivua kofia na kufungwa kitambaa cheusi kiunoni, wanawake kwa wanaume. Kijana aliyetuongoza, mzaliwa wa hapo hapo, alitusomea masharti: hakuna kuokota kitu, si jani, si jiwe, si kijiti. Hakuna kelele. Picha ni pale atakaporuhusu yeye. Kisha akatuingiza kwenye kivuli kizito kiasi kwamba tulilisahau jua la saa sita.

Alitembea akituonyesha mti wa kutibu tumbo, mti wa kumwoshea mtoto mwenye homa, na mizizi iliyotambaa juu ya matumbawe ya kale, kwa kuwa ardhi yote hii ilikuwa sakafu ya bahari. Kwenye mti mmoja mkubwa alituambia tuukumbatie na kunyamaza. Mikono yetu wawili haikukutana upande wa pili.

Misitu ya kaya ni makao ya kale ya Wamijikenda. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia, na Kinondo ni mojawapo. Lakini miaka yote kabla ya hapo, bila askari wala mhisani, iliyoilinda ni miko ya wazee. Hata miko ina mipaka yake: kisiwa cha Chale, kilicho jirani, kilikuwa kaya, na miaka ya 1990 kikajengwa hoteli ingawa wazee walipinga. Mradi wa kupokea wageni Kinondo ulikuja baadaye. Vijana wakapata kazi ya kuongoza, na kiingilio kikasaidia mambo ya kijiji. Muhimu zaidi, mtu anayeikodolea macho ardhi ya ufuoni sasa anakuta ina wenyewe, ina vibao, ina wageni wanaoijua kwa jina.

Tulipotoka tulimkuta mzee mmoja wa kaya amekaa nje. Binamu yangu akamuuliza wageni wakiacha kuja itakuwaje. Akamtazama kwa upole. "Mwanangu, wageni wamekuja juzi. Kaya iko tangu na tangu."

Jibu hilo lilinisumbua usiku mzima. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba utalii ndio unaolinda msitu. Hapa msitu uliolindwa ndio uliowaita watalii, na wao wamekuwa nyongeza. Nadhani huo ndio mpangilio wenye afya.

Jumatano, Gazi

Kama una siku moja tu ya kukaa Kwale, ikae Gazi.

Tulishuka kwenye njia panda ya barabara ya Msambweni tukaingia kijijini kwa miguu, tukaipita nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyewasumbua Waingereza mwaka 1895 hadi akavuka kwenda upande wa Wajerumani. Maji yalikuwa yanakupwa. Mama aliyetupokea kwenye daraja la mbao la kina mama wa Gazi alituharakisha: tukichelewa maji yatajaa na hatutaona mizizi.

Daraja hili ni la kikundi cha wanawake. Wao ndio wanaokata tiketi, wao ndio wanaoongoza, na wao ndio wanaopika ukitaka kula. Linapita katikati ya mikoko, mbao kwa mbao, na chini yake tope jeusi limejaa kaa wadogo wenye gando moja jekundu wakipungiana. Mama alitutajia miti mmoja mmoja kama mtu anayetambulisha jamaa zake: mlilana uko mbele kabisa unapopiga mawimbi, mkoko una mizizi ya kusimamia, mchu unachomoza mizizi ya kupumulia kutoka topeni, mkandaa unapenda nchi ya nyuma, muia uko hapa na pale.

Kisha akatuonyesha visiki. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hii ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Binamu yangu akauliza mbona haikuchipua tena yenyewe. Mama akashuka darajani, akakanyaga tope hadi kwenye kifundo cha mguu, akaweka mkono kwenye kisiki. Mchu ukiukata huchipua, akasema, lakini mkoko ukiukata umeuua. Haurudi kwenye kisiki, unarudi kwa mbegu tu, na miti mama ya kuangusha mbegu ikiwa imekwisha kukatwa yote, itatoka wapi? Akachuma mbegu iliyokuwa ikining'inia kwenye mkoko wa jirani, ndefu, ya kijani, imeshaota ikiwa bado juu ya mti, na ncha yake ina rangi ya kahawia. Akaichomeka topeni hadi theluthi moja. Ndiyo kupanda mkoko, basi. Kazi ni kuchagua mahali: mbegu ya mkoko ukiipeleka kwenye eneo la mchu itakufa, hata upige picha na wageni mia wakipanda. Sherehe nyingi za upandaji miti zingefaa kupita Gazi kwanza.

Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, akiwemo James Kairo, walianza kurudisha miti hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakishirikiana na wanakijiji. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Ulikuwa wa kwanza duniani kwa kijiji kuhifadhi mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayonaswa na msitu huo. Eneo lake ni hekta 117, na kwa mwaka huuza tani zipatazo 3,000. Mwaka 2017 mradi huu ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Nilitaka kuelewa kaboni inanaswaje, na kijana wa mradi alinieleza akiwa ameinama juu ya tope. Majani na mizizi ikifa huzama kwenye tope lisilo na hewa, na pasipo hewa haviozi upesi. Vinarundikana mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo akiba kubwa iko chini, kuliko hata kwenye miti tunayoiona. Ukikata mti, tope linakauka, linapata hewa, na vile vilivyolala karne nzima vinarudi angani. Mnunuzi wa Ulaya analipa ili tope libaki tope.

Si pesa nyingi, nisidanganye. Ukizigawanya kwa vichwa vya vijiji viwili hazifiki popote. Ndiyo maana hazigawanywi kwa vichwa. Zinapelekwa kwenye mambo ya wote: maji ya bomba kijijini, vitabu vya shule, ukarabati. Na kinachoamuliwa huamuliwa kwenye mkutano wa hadhara, chini ya kamati iliyochaguliwa na wanakijiji. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji bombani hakutaka kabisa kuzungumzia kaboni. Alisema: "Haya ni maji ya mikoko." Mtu anayesema hivyo akimkuta jirani na shoka hamsubiri askari wa misitu.

Wamefikiria pia watu watapata wapi miti ya kujengea. Nyumba ya Pwani inahitaji fito, pau, mazio na boriti, na majina hayo yote ni ya mikoko kwa kadiri ya unene wake. Kumkataza mtu boriti bila kumpa kibadala ni kumfanya mwizi. Kwa hiyo wamepanda mivinje nchi kavu, inayokua haraka na kunyooka.

Tulikula kwa kina mama: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha na pilipili ya kusaga. Tukauliza habari za mwaka 2020, Kenya ilipofunga anga kwa ndege za abiria wa nje kuanzia Machi hadi mwanzo wa Agosti. Daraja lilikosa wageni, wakajibu, na mbao zikaanza kuoza bila pesa ya kuzibadilisha. Lakini msitu haukuguswa, kwa sababu kaboni haipandi ndege, na mvuvi alikuwa bado anataka mazalio ya samaki na kamba. Hapo nikamkumbuka mzee wa Mwaluganje. Yeye anautegemea mguu mmoja. Gazi wanasimama kwa mitatu, na mgeni ni mmoja tu wa hiyo.

Alhamisi, Kibuyuni na Shimoni

Siku ya kusafiri zaidi kuliko kutazama. Pale Kanana tuliiacha barabara kuu. Kibuyuni tulikuta kina mama wakianua mwani uliokauka, wa kuuza nje na mwingine wa kutengenezea sabuni. Tulinunua vipande viwili. Jua lilikuwa kali na hawakuwa na muda wa maswali yetu, nami siwalaumu.

Shimoni tuliingia kwenye pango walimofungiwa watumwa wakingoja majahazi. Linaendeshwa na wanajamii wenyewe, na kiingilio kinasaidia elimu ya watoto wa hapo. Vyuma vya minyororo bado vimo ukutani. Sitaki kuandika zaidi. Mwenye nafasi aende asimame mwenyewe.

Ijumaa, Wasini na Kisite

Ilikuwa kaskazi, bahari shwari, mashua ikaondoka mapema maana nahodha alitaka kurudi kabla ya swala. Wakati wa kusi, hasa katikati ya mwaka, safari hizi huwa za kubahatisha.

Kisite ni hifadhi ya bahari tangu miaka ya 1970, na ndani yake hakuna kuvua kabisa. Kwenye hifadhi ndogo ya Mpunguti iliyo ubavuni, wavuvi wa mitego ya asili wanaruhusiwa. Tulikutana na pomboo kundi zima. Nahodha alizima mashine, akaacha mashua ielee. Mashua nyingine ilitokea kasi, ikawakata njia, nao wakazama wakatokea mbali. Nahodha wetu aliipungia mkono kwa hasira: kuna kanuni, na kanuni inasema usimfukuze, usimzingire, asogee mwenyewe. Pomboo anayefukuzwa kila asubuhi halishi wala hanyonyeshi kwa raha, na mwishowe atahama. Kisha mgeni naye atahama.

Chini ya maji, kwenye matumbawe, nilimwona taa mwenye madoa ya buluu akiingia chini ya jiwe, na chewa mkubwa asiyeshtuka. Samaki asiyemwogopa binadamu ndiye ushahidi wa miaka mingi ya kutovuliwa.

Lakini tuliuliza swali letu, na Wasini jibu lake lina matabaka. Kiingilio cha hifadhi ni cha KWS. Nauli ni ya mwenye mashua, na mashua nyingi zinauzwa na kampuni za Diani pamoja na chakula cha mchana. Mgeni anaweza kukaa maji ya Wasini kutwa nzima bila kisiwa kuona shilingi. Na wazee wa Kivumba, wenyeji wa kisiwa, wanakumbuka kwamba maji hayo yalikuwa maeneo yao ya kuvua.

Ndipo kina mama wa Wasini wakajenga daraja lao kupitia bustani ya matumbawe nyuma ya kijiji. Ni mahali pa ajabu: matumbawe ya kale yamesimama nchi kavu kama nguzo za msikiti uliobomoka, na bamvua likija maji hupita katikati yake pamoja na mikoko. Kiingilio ni cha kikundi, na kwa pesa hiyo wamesaidiana karo na matibabu. Kisiwa hakina gari hata moja, unatembea. Adhana ilipoita walifunga daraja, wakatuonyesha kivuli cha kungojea, wakaenda zao. Nilifurahi. Kijiji kinachoweza kumwambia mgeni angoje bado ni kijiji.

Ushauri wangu kwa msomaji anayekwenda: ukilipa kampuni ya mashua, uliza kama daraja la kina mama limo kwenye bei. Kama halimo, shuka ulipe mwenyewe, na ununue chakula kijijini.

Jumamosi, Vanga

Kupitia Lunga Lunga tulifika Vanga, mwisho wa Kenya. Maji yakijaa huingia hadi uani kwa watu, na mkoko ndio ukuta walio nao. Mikoko yenyewe haijui mpaka, inaendelea moja kwa moja hadi Tanzania. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu viliona mfano wa Gazi, vikaanzisha mradi wao wa kaboni wenye hekta 460, mara nne ya ule wa Gazi karibu.

Watalii ni wachache huku. Barabara ni ndefu na vitanda vya kulala si vingi. Tulikuta vijana kwa wazee barazani wakizungumzia kuanza kupokea wageni: kuwatembeza kwa mashua kwenye mifereji ya mikoko, kuangalia ndege, kulala nyumbani kwa watu. Binamu yangu alipojulikana kuwa anasomea mambo hayo alivutiwa mkekani, na sikumpata tena hadi alasiri. Aliwaambia aliyoyaona wiki nzima: msitegemee mgeni peke yake, andikeni masharti yenu kabla ya mgeni wa kwanza kufika, na kampuni ya mjini ikija iwakute mna bei yenu.

Bei ya mashua ilileta mabishano makali. Mvuvi mmoja alitaka iwe sawa na anachopata kwa siku ya kuvua, ili asipoteze akimbeba mgeni. Mwingine akasema siku ya kuvua si moja, kuna ya changu tele na ya kurudi na maji matupu. Mama mmoja akauliza mbona hakuna aliyetaja bei ya chakula, au wageni hawatakula?

Tulipopanda matatu ya kurudi Lunga Lunga suala la mashua lilikuwa halijaisha. La mweka hazina lilikuwa limepita: atakuwa mwanamke, atatoka Jimbo, na daftari la mapato litafunguliwa mbele ya watu kila mwisho wa mwezi.